Je, naweza kutengeneza nanokristali za silikoni kwa plasma nyumbani kwangu Majengo?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni fundi wa TV na redio hapa Majengo, Mombasa, na jioni nasomea diploma ya umeme. Zile TV za QLED zinazoletwa dukani zina karatasi ya rangi nyuma ya kioo, na nimeelezwa kwamba rangi hiyo inatokana na nanokristali, yaani fuwele ndogo mno, za semikondakta. Nimeona video ya mtu akisema kuwa nanokristali za silikoni hutengenezwa kwa plasma, na silikoni ni mchanga tu, nasi mchanga tunao tele. Nina transfoma ya maikrowevu mbovu, kompresa ya friji ya kuvutia hewa, tyubu ya taa niliyoikata kichwa, na jirani yangu mchomeleaji atanigawia argoni ya mtungi wake. Nataka niusage mchanga wa Nyali uwe unga laini, niupitishe kwenye plasma, nipate nanokristali. Wasiwasi wangu ni huu: plasma ina joto la maelfu ya nyuzi, je, tyubu haitayeyuka? Na nikifaulu, nitaweza kuzitumia kukarabati zile karatasi za QLED?"

Marahaba, fundi. Swali lako nimelisoma mara mbili. Unaloliogopa halina shida, tyubu haitayeyuka. Yaliyonitia baridi ni yale uliyoyataja kama vifaa tu, bila wasiwasi wowote. Nianze na hayo, kisha nikueleze plasma inavyoifanya kazi hii, maana inaifanya kweli, na vizuri sana. Ila haiifanyi kwa mchanga, wala kwa transfoma hiyo.

Transfoma ya maikrowevu hutoa volti elfu mbili hivi, pamoja na mkondo unaotosha kuusimamisha moyo. Najua mafundi wa TV walivyo. Ulifungua TV za zamani za kioo kinene, zenye volti zaidi ya elfu ishirini, pengine zikakurusha siku moja ukainuka ukacheka. Zile zilikuwa na volti nyingi na mkondo mdogo sana. Hii ina vyote viwili, na haijui kupunguza. Tena kuna jambo wengi hawalijui: upande mmoja wa waya wake wa volti kubwa umefungwa kwenye chuma chake chenyewe. Ukiguswa, mkondo unazunguka kati yako na chuma hicho, na ile swichi ya kinga kwenye boksi la stima haioni kitu, kwa sababu upande wa stima hesabu bado iko sawa. Kwa hiyo usitegemee kuwa itakukatia. Na kapasita inayokaa nayo huweza kubaki na chaji hata baada ya plagi kuchomolewa.

Tyubu ya taa ilikuwa na zebaki ndani, nayo ilitoka pale ulipoikata kichwa. Argoni haina sumu, lakini ni nzito kuliko hewa na huisukuma hewa kando. Katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha mtu huzimia bila kusikia harufu. Kompresa ya friji nitairudia baadaye.

Sasa hilo la joto. Plasma ni gesi ambayo baadhi ya elektroni zake zimeng'olewa kwenye atomi, basi inapitisha umeme. Video nyingi huishia hapo, kisha zinaonyesha radi na jua, na mtazamaji anaondoka akiamini kuwa kila plasma ni tanuri. Ziko za aina mbili, na zote mbili unazo mtaani. Cheche ya jirani yako mchomeleaji ni plasma iliyo moto yote, gesi na elektroni pamoja, ndiyo maana inayeyusha chuma. Tyubu inayowaka dukani kwako nayo ni plasma, lakini unaweza kuishika kwa mkono. Hata ile taa ndogo nyekundu ndani ya testa yako ya bisibisi ni plasma, ya neoni, na unaiweka mfuko wa shati.

Ajabu ni kwamba ndani ya tyubu hiyo unayoishika kwa mkono, elektroni zina joto la nyuzi zaidi ya elfu kumi. Zimewezaje kuwa na moto huo bila kuichoma gesi iliyozizunguka? Kwa uzito. Atomi ya argoni ni nzito kuliko elektroni kama mara 73,000. Chukua goroli ya mtoto ya gramu tano, uzidishe mara hizo: unapata kilo 365, yaani mkokoteni uliosheheni magunia pale sokoni Kongowea. Goroli ikiugonga mkokoteni huo inaruka nyuma na kasi yake karibu yote, na mkokoteni hauna habari. Umeme huzisukuma elektroni kwa sababu ni nyepesi, zinapata kasi, zinagonga atomi, na hazigawi kitu.

Presha ikiwa kubwa, mambo hubadilika. Migongano inakuwa mingi mno, na kidogo kile kinachogawiwa kinajikusanya hadi gesi nayo inawaka: hapo umefika kwa mchomeleaji. Ndiyo sababu mashine za nanokristali hupunguza gesi hadi sehemu moja ya mia tano hivi ya hewa tunayovuta. Elektroni zinafika nyuzi ishirini elfu hadi hamsini elfu, huku gesi yenyewe ikibaki karibu na joto la chumba, au juu yake kiasi.

Haya, mchanga. Kusema silikoni ni mchanga ni kama kusema chuma ni kutu. Mchanga wa kwatsi ni silikoni iliyokwisha shikwa na oksijeni, na mshiko huo ni mgumu hasa. Viwandani huutenganisha kwa kuchoma kwatsi pamoja na makaa kwenye tanuri za umeme zenye joto la nyuzi elfu mbili hivi za Selsiasi, na kinachotoka hapo bado ni kichafu. Inabidi kigeuzwe gesi, kisafishwe, ndipo kifae kwa kazi ya semikondakta. Plasma baridi haina ubavu wa kufanya hayo. Ukiupitisha unga wa mchanga ndani yake, utatoka ni mchanga uleule, umepata chaji tu.

Na mchanga wa kwetu una lake. Weka kijiko kimoja cha mchanga wa ufukweni kwenye kikombe, mimina siki au ukamulie ndimu. Povu likitoka, hicho ni chokaa cha matumbawe na makombe, hakina silikoni ndani yake. Pwani yetu hii sehemu kubwa ya mchanga mweupe ni hiyo. Punje zinazobaki zimetulia bila kuchemka, nyingi ni kwatsi zilizoshuka na mito kutoka bara. Hata hizo, usizisage. Kinu kitakupa chembe ambazo bado ni kubwa mara mamia na maelfu kuliko nanokristali, lakini ni ndogo vya kutosha kuingia ndani kabisa ya mapafu na kuyatia makovu. Wachonga mawe wanaujua ugonjwa huo, na hauna dawa ya kuuondoa.

Kinachoingizwa kwenye plasma ni gesi iitwayo silani: atomi moja ya silikoni iliyoshikwa na hidrojeni nne. Inachanganywa na argoni, ikapitishwa kwenye mrija wa kwatsi wenye upana wa kidole hivi au viwili. Umeme wake ni wa mawimbi ya redio, mara nyingi megahezi 13.56, masafa yaliyotengewa kazi za viwanda ili yasiingilie mawasiliano. Wewe kama fundi utapenda hili: umeme huo unaingia kupitia pete za chuma zilizovishwa nje ya mrija. Hakuna waya unaogusa gesi.

Ndani, elektroni zinagonga silani na kuing'oa hidrojeni. Vipande vilivyobaki vinatafutana na kushikana, atomi kumi, mia, mamia. Yote haya yanatokea katika milisekunde chache, muda ambao gesi inatumia kupita mahali penye mwanga. Ukiongeza kasi ya gesi, chembe zinatoka mapema zikiwa ndogo. Ukiipunguza, zinakaa zaidi na kunenepa. Udhibiti wa ukubwa, kwa sehemu kubwa, ni kukaza na kulegeza valvu.

Lakini kwa nini zisigandane? Moshi wa kuni nao una chembe ndogo sana, na mwisho wake ni masizi chini ya sufuria, mabonge yaliyoshikana hovyo. Ukiivunja silani kwa joto la tanuri bila plasma, hatari ni hiyohiyo. Kwenye plasma, kwa kuwa elektroni zina mbio kuliko ayoni (atomi zilizong'olewa elektroni), ndizo zinazofika kwanza kwenye kila chembe, nayo inavaa chaji hasi. Chembe zote zikiwa hasi zinakimbiana. Hata ukuta wa mrija unavaa chaji hasi, basi unazisukuma zikae katikati. Chembe inakua peke yake, kwa kuokota vipande vya gesi kimoja kimoja.

Sasa nafika kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linalojibu swali lako la joto kwa namna ambayo hukuitarajia. Ili atomi za silikoni zijipange kuwa fuwele, zinahitaji joto kali, maana zinashikana kwa nguvu na hazihami kirahisi. Nanokristali za kadmiamu na seleni hutengenezwa kwenye chupa ya kimiminika kama mafuta, kwa nyuzi mia tatu hivi. Silikoni haitosheki na hapo, na ukiongeza moto kimiminika kinaharibika. Gesi ya plasma nayo tumesema ni ya kuvumilika. Basi fuwele inatoka wapi?

Inatokana na chembe kupata moto peke yake. Ayoni ya argoni ikitua juu ya chembe na kukutana na elektroni iliyokaa pale, zinarudiana kuwa atomi, na nishati iliyotumika kuzitenganisha, elektroni-volti karibu 15.8 (hicho ni kipimo cha nishati cha atomi), inabaki kwenye chembe. Kwa kipande cha chuma hicho si kitu. Lakini nanokristali ya nanomita 3 ina atomi mia saba tu hivi. Nimepiga hesabu ya haraka: tukio moja la namna hiyo linaweza kuirusha joto kwa nyuzi kama tisini kwa mpigo. Kabla haijapoa sawasawa, inapigwa tena. Na atomi za hidrojeni zinazokutana juu yake nazo zinaongeza. Chembe inaishi ikipanda na kushuka joto, kwa wastani mamia ya nyuzi juu ya gesi inayoizunguka, hadi atomi zake zinajipanga. Ni kama kaa la moto linaloelea kwenye chumba chenye feni. Ukitia kipimajoto kwenye gesi hutaliona.

Wahandisi wa chipu walikutana na vumbi hili kabla ya yeyote kulitafuta. Katika miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinapoteza kazi kwa sababu ya chembe zilizoanguka juu ya sahani za silikoni, na lawama zilikuwa zikiwaendea wafanyakazi, nguo zao, nywele zao. Mwaka 1989 Gary Selwyn na wenzake wa IBM walimulika leza ndani ya mashine na kuona chembe zikielea zimejipanga juu ya sahani plasma ikiwa inawaka. Vumbi lilikuwa linazaliwa humo humo. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla uchafu huo haujafanywa bidhaa: mwaka 2005 Mangolini, Thimsen na Kortshagen wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walichapisha njia ya mrija niliyokueleza. Walipata miligramu 14 hadi 52 kwa saa. Kidonge cha kawaida cha paracetamol kina dawa miligramu 500, basi piga hesabu: kwa mwendo wao mzuri kabisa, uzito wa kidonge kimoja ni kazi ya kutwa nzima.

Mimi mara ya kwanza kuuona unga huo nilikuwa mwanafunzi ughaibuni. Ulikuwa wa kahawia, mwepesi kama sufi, umekwama kwenye wavu wa chuma mwisho wa mrija. Tulipoumulika kwa mwanga wa urujuanimno ukawaka wekundu wa makaa, nikashindwa kuondoka maabara mpaka saa nne usiku. Nikauacha wazi mezani wikendi nzima, kwa ujinga. Jumatatu rangi haikuwa ileile: oksijeni ilikuwa imeshaanza kuila ngozi yake. Ndipo nikafundishwa kwamba kutengeneza chembe ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuivisha koti la molekuli za kaboni ndani ya boksi lisilo na oksijeni. Kwa kufanya hivyo, mwaka 2006 kundi hilo la Minnesota na washirika wao walionyesha silikoni inayorudisha zaidi ya fotoni (chembe za mwanga) 60 kwa kila 100 inazozimeza. Kwa silikoni hilo ni jambo kubwa, kwa sababu kipande chake cha kawaida, kama kilichomo kwenye transista zako, karibu hakitoi mwanga kabisa.

Rangi hiyo inatokana na udogo. Mpiga udi wa taarabu akisogeza kidole, uzi unakuwa mfupi na sauti inapanda. Elektroni ndani ya fuwele nayo ni wimbi, na ukiifungia kwenye chumba kifupi, nishati yake inapanda. Silikoni ya kawaida ina pengo la nishati, yaani mruko ambao elektroni inauachia kama mwanga, la elektroni-volti 1.12, ambalo ni mwanga wa infraredi usioonekana. Ibane hadi nanomita tatu au nne, utauona wekundu. Leigh Canham aliliona hilo kwenye silikoni yenye vitundu mwaka 1990, na kwa jumla sayansi hii ya vitone vya kwanta, yaani nanokristali ambazo rangi yake inafuata ukubwa wake, ndiyo iliyowapa Bawendi, Brus na Ekimov Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023.

Karatasi zako za QLED, basi. Hapana, silikoni haitazikarabati. Ndani yake mna chembe za indiamu na fosforasi, au za kadmiamu na seleni, zilizopikwa kwenye kimiminika na si kwenye plasma. TV inahitaji kijani kilichokolea na chekundu kilichokolea, kila kimoja katika ukanda mwembamba. Mwanga wa silikoni ni mpana, umetawanyika, na tena ni mvivu: chembe ya kadmiamu na seleni inautoa mwanga wake ndani ya nanosekunde makumi, ya silikoni inachukua maikrosekunde makumi hadi mamia. Faida yake ni nyingine: silikoni haina kadmiamu, na kadmiamu ni sumu. Ndiyo maana inatazamwa kwa picha za ndani ya mwili na kwa vioo vya madirisha vinavyovuna jua. Na wewe unajua kuliko mimi kwamba TV nyingi zinazoletwa na malalamiko ya rangi kufifia, ukizifungua, kilichokufa ni mistari ya LED za nyuma.

Kwa nini nasema silani isiingie nyumbani? Kwa sababu inashika moto yenyewe ikikutana na hewa, bila kiberiti wala cheche. Hiyo ni siku nzuri. Siku mbaya inavuja, haiwaki papo hapo, inajikusanya chumbani, kisha inalipuka yote kwa pamoja. Maabara huiweka kwenye kabati la chuma linalovutwa hewa saa zote, lenye vihisi na valvu zinazojifunga, na moshi wake huchomwa kabla ya kutoka nje. Hata huko nilipokuwa, siku moja tulisikia mlio mdogo kwenye bomba la kutolea gesi, na asubuhi tukakuta unga mweupe ndani ya kiungo kimoja. Unga huo ulikuwa silika: silani kidogo ilikutana na hewa iliyopenya. Hakuna aliyeumia. Tulifunga mashine wiki mbili.

Hapo utaelewa shida ya kompresa ya friji. Kwa kuonyesha puto likivimba ndani ya chupa inafaa. Lakini haijatengenezwa kumeza gesi inayowaka, ombwe lake ni hafifu kwa kazi hii, na ikitema mvuke wa oili ndani ya mrija kila kitu kinachafuka. Tyubu ya kioo chembamba chini ya ombwe nayo inaweza kujifyatua kuelekea ndani na vipande vikakurukia usoni.

Watu huniuliza njia za mkato. Kuna kimiminika cha silikoni chenye klorini badala ya hidrojeni, hakiwaki chenyewe, na mvuke wake unatumika kweli kwenye plasma. Kwa unyevu wa hewa ya Mombasa, tone moja likivuja linageuka moshi wa asidi. Kuna njia ya tanuri isiyo na plasma, inayochoma mchanganyiko wa silikoni na oksijeni kwa nyuzi 1,100 kisha kuziosha fuwele kwa asidi ya hidrofloriki. Hiyo asidi inaingia mwilini pengine bila maumivu mwanzoni, inakamata kalsiamu ya damu na mifupa, na kuungua kidogo tu kunaweza kuua. Na iko video ya kuchoma mchanga na magnesiamu, kisha kumwagia asidi. Zile cheche zinazorukaruka watu wanazozishangilia ni silani yenyewe inawaka. Zote tatu, kwa nyumbani, ni hapana.

Nisikuache mikono mitupu. Mwaka 2004 watafiti waliokuwa wakisafisha masizi ya cheche ya umeme, plasma ya jamaa ya mchomeleaji, walikuta ndani yake chembe za kaboni zinazong'aa. Ndugu zake unaweza kuzijaribu kwa asidi ya limau ya unga, ile ya madukani. Vijiko viwili kwenye kikombe kikavu cha chuma, moto mdogo, mlango na dirisha wazi kwa sababu mvuke wake unawasha macho na koo. Itayeyuka, itageuka manjano kisha rangi ya asali. Hapo zima, isifike kuwa nyeusi. Ikipoa kabisa, na si kabla, iyeyushe kwa maji, uichuje, uimulike gizani kwa tochi ya kukagulia noti. Utaona ubuluu hafifu. Weka pembeni kikombe cha maji matupu na kingine cha asidi ambayo haijachomwa, ulinganishe, na usioshe vyombo kwa sabuni ya unga, maana nayo hung'aa kwa tochi hiyo na itakudanganya. Nikuambie pia ukweli wake: sehemu ya mwanga huo inatoka kwenye molekuli za kawaida, si kwenye fuwele, na wataalamu wanabishana ni kiasi gani. Haitakupa nanokristali za semikondakta. Itakufundisha kupima, na kutojidanganya.

Kwa silikoni yenyewe, itabidi uende kwa watu. Hapo Tudor, Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa kiko mwendo mfupi kutoka kwako. Kilifi kuna Chuo Kikuu cha Pwani. Mwone mhadhiri wa fizikia au wa kemia, umweleze unachotaka kujifunza, uulize ana ombwe la namna gani, na kama kuna mtu anayefanya kazi ya plasma au ya tabaka nyembamba. Usitarajie kukuta silani. Plasma ya argoni au ya hewa ndani ya chombo kilichojengwa kwa kazi hiyo, chini ya usimamizi, inatosha kukufundisha mambo tisa kati ya kumi niliyoyaandika hapa. Nyeri, ndani ya Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna kampuni ya semikondakta. Ukimaliza diploma, nako unaweza kubisha hodi. Wala usidhani utakwenda kama mwombaji. Kule nilikosoma, mtu aliyekuwa akingojewa na maprofesa wote alikuwa fundi wa pawa saplai, kwa sababu umeme wa redio usipolinganishwa sawasawa na plasma unarudi ulikotoka na mashine inazima. Walikuwa na madaktari wa falsafa kumi na mmoja na fundi mmoja.

Mawili ya haraka kabla ya hayo. Kama transfoma hiyo imeshakupiga, hata kama sasa unajisikia mzima, nenda hospitali leo wakupime moyo. Mapigo yanaweza kuvurugika baadaye. Na chumba ulichokatia tyubu, fungua madirisha, toa watoto, usifagie wala usitumie mashine ya kuvuta vumbi. Okota vipande kwa karatasi ngumu ukiwa umevaa glavu, futa kwa kitambaa chenye maji, funga vyote kwenye chupa yenye kifuniko. Transfoma usiiguse mpaka awepo fundi wa maikrowevu anayejua kuitoa kapasita chaji, na umwombe akuonyeshe anavyofanya.